Pesa Ifike Tarehe 30: Mwongozo Kamili wa Kubana Matumizi Arusha Bila Kuua Starehe

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kujaribu kubana matumizi akashindwa, tena si mara moja. Hapa Arusha nimewasikia wengi, kuanzia Sakina hadi Njiro. Mtu anaanza mwezi kwa nguvu: anaacha nyama, anaacha soda, Jumamosi wenzake wakimwita anazima simu. Ikifika tarehe 18 amechoka. Jioni moja anatoka, anamaliza pesa ya wiki nzima, na kesho yake anasema bajeti ni ya watu wenye mishahara minono.

Alikata starehe kwanza, ilhali pesa ilikuwa inavujia kwingine: mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, unga wa nusu kilo kwa Mangi wa duka la mtaani, kutoa pesa kwa wakala mara nne kwa wiki. Mimi nilifanya hivyohivyo miaka miwili mfululizo. Hapa tunaanzia upande wa pili: starehe inapata fungu lake tangu siku ya mshahara, na tunakaza sokoni, jikoni na kwenye simu.

Namba za kwenye mifano ni za kufanyia hesabu tu. Bei hupanda na kushuka kila msimu, kwa hiyo weka za kwako.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo la kuingia mfukoni na kalamu. Programu za simu ni nzuri, ila wengi huzisahau siku ya nne.
- Meseji zote za miamala ya simu za siku 30 zilizopita. Usizifute.
- Mizani ndogo ya jikoni. Kama huna, azima kwa jirani anayeoka keki.
- Bahasha 5, au kopo 5 za maziwa zilizooshwa.
- Ndoo mbili zenye mfuniko unaobana na dumu la lita 5 lililo safi.
- Kikapu au mfuko wako wa kudumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na kila unaponunua mfuko mbadala sokoni unalipia kitu ambacho tayari unacho nyumbani.
- Mtu unayeishi naye. Ukibana peke yako wakati mwenzako hajui mpango, mtagombana kabla wiki haijaisha. Mkae mezani mzungumze kwanza.

## Hatua ya 1: Andika siku 14 bila kubadilisha kitu

Kwa wiki mbili ishi kama kawaida. Kila shilingi inayotoka, andika palepale: kiasi, kitu, mahali. Hata maji ya kunywa ya stendi. Hata ile 500 uliyompa mtoto wa dada.

Siku 14 zinatosha kwa sababu zinakamata wikiendi mbili. Anayeandika siku saba huwa anakosa kile kinachotokea wiki ya pili, pesa ikianza kuisha na kukopa kukianza.

Onyo ni moja. Usijisahihishe unapoandika. Ukianza kuacha chapati ya saa nne kwa aibu ya daftari lako mwenyewe, utapata picha ya mtu mwingine, na mpango utakaotengeneza utamfaa huyo mwingine.

Siku ya 15 chukua kalamu ya rangi, pigia mstari kila kitu ulichonunua zaidi ya mara tano. Hapo ndipo penye uvujaji. Kwa watu wengi niliokaa nao, orodha hiyo haina bia wala nyama choma hata kidogo. Ina vocha, bodaboda za umbali mfupi, mafuta ya kupikia, nyanya za fungu, mkaa na makato ya kutoa pesa. Tuseme chai na chapati ya asubuhi kazini ni 1,500. Kwa siku 26 za kazi ni 39,000. Sisemi uiache. Nataka uione.

## Hatua ya 2: Gawa pesa siku ileile inapoingia

Isilale usiku mmoja bila kugawanywa. Pesa iliyo pamoja hudanganya macho, unaiona nyingi.

Mpangilio ninaoutumia ni huu: kodi ya nyumba, akiba, nauli, chakula, starehe, michango. Akiba ni ya pili, baada ya kodi, kwa sababu akiba inayosubiri masalio haipatikani. Anayeanza namshauri atoe shilingi 10 katika kila 100 kwa akiba na 7 kwa starehe. Kwa mtu wa 400,000 hiyo ni 40,000 akiba na 28,000 starehe, yaani 7,000 kwa wiki. Ikikubana sana, punguza akiba iwe 5 kwa kila 100, lakini fungu la starehe usilifute. Likifutwa, starehe itajichukulia yenyewe kutoka kwenye chakula.

Kama kipato chako ni cha kila siku (bodaboda, mama lishe, fundi), gawa kila Jumapili jioni kwa hesabu ya wiki. Kila jioni weka kiasi cha kodi kwanza kwenye kopo lake, hata kama siku ilikuwa mbaya na umeweka 1,000 tu.

Akiba isikae nyumbani wala kwenye laini ya simu unayolipia vitu. Kikoba ni pazuri ikiwa kina daftari linaloonekana na kila mtu na kimesajiliwa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya kijamii vya fedha vinapaswa kusajiliwa, na kazi hiyo hufanyika kupitia halmashauri. Mwenye subira anaweza kutazama mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako pesa inazaa kidogo kidogo na kuitoa huchukua siku kadhaa. Hizo siku kadhaa ndizo ninazozipenda. Hamu ya kununua simu mpya huwa imepoa kabla pesa haijaingia.

## Hatua ya 3: Acha vipimo vidogo

Hapa ndipo pesa nyingi ilipo, kwa hiyo soma taratibu.

Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kitu kilekile. Muuza duka hana ubaya: naye amenunua, amebeba, amepima, na muda wake una bei. Lakini wewe unaweza kujua unalipa kiasi gani.

Jaribu na mafuta. Tuseme unanunua ya 500 kila siku, 15,000 kwa mwezi. Leo ukifika nyumbani, yamimine kwenye bomba la sindano ambalo halijawahi kutumika au chupa yenye alama za mililita. Ukikuta ni mililita 60, basi kwa siku 30 umepata lita 1.8, na kila lita imekugharimu zaidi ya 8,300. Kama dumu la lita 5 linauzwa 30,000, lita ni 6,000. Tofauti inazidi 2,300 kwa kila lita, na hujaacha kula kitu chochote. Fanya hivyohivyo kwa sukari, sabuni ya unga, unga na mkaa.

Sasa sokoni. Kaskazini tunapima kwa sado, na sado ni kopo, si uzito. Sado ya maharage makubwa na sado ya maharage madogo hazina kilo sawa, na sado iliyobonyezwa kitako ni ndogo kuliko iliyonyooka. Kwa hiyo mara ya kwanza nunua sado moja, ukifika nyumbani ipime kwa mizani, andika. Ikitoka kilo 3 na nusu, gawa bei kwa 3.5 ulinganishe na bei ya kilo dukani. Ukishafanya hivyo kwa vitu sita unavyokula kila wiki, utakuwa na karatasi yenye thamani kuliko ushauri wowote.

Kabla hajakupimia, ishike sado, itazame ndani, igeuze. Fanya kwa heshima. Mfanyabiashara mwaminifu hachukii. "Shikamoo mama, naomba ile sado nyingine." "Marahaba mwanangu, chukua, zote moja." Kama zote ni moja, atakupa. Na ukishapimiwa, omba nyongeza. Nyongeza ya sokoni ni desturi, si kuombaomba, na kwa mteja anayerudi kila wiki huwa inaongezeka.

Uende wapi. Wa mjini ana Soko Kuu na Kilombero. Kwa ununuzi mkubwa mimi naenda gulio la Tengeru, barabara ya Moshi, Jumatano au Jumamosi. Wanaokaa upande wa Sakina na Kisongo wanalo Ngaramtoni. Mazao yanatoka mashamba ya jirani na wauzaji wengi wamevuna wenyewe, kwa hiyo bei ina mikono michache ndani yake.

Saa nayo ina bei. Asubuhi unachagua, jioni unapunguziwa, kwa sababu hakuna anayetaka kurudi na nyanya zilizoiva. Nyanya za kupika kesho nunua jioni. Viazi, vitunguu na maharage yatakayokaa wiki tatu nunua asubuhi, uchague kimoja kimoja.

Onyo: piga hesabu ya nauli. Ukienda Tengeru kuleta sado moja ya nyanya, nauli ya kwenda na kurudi imekula faida yote, na mgongo umeuma bure. Safari ya gulio iwe moja kila wiki mbili, kwa orodha iliyoandikwa, na ikiwezekana iwe ya nyumba mbili au tatu. Mimi na majirani wawili huku Moshono tunapokezana: leo anakwenda mmoja kwa niaba ya wote, tunagawana nauli, tunagawana mzigo kwa mizani ile ya jikoni. Mizani inazuia maneno.

Mahindi na maharage ya msimu. Bei huwa chini baada ya mavuno, kuanzia kama Julai, na hupanda kuelekea masika. Mwenye familia anayeweza kununua gunia wakati huo atakula kwa bei ya Agosti hadi Machi. Kwanza hakikisha gunia si lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo. Wakala wa Vipimo wanaikataza kwa sababu, ingawa machoni inaonekana ni faida kwa mnunuzi, inavuruga bei kwa kila mtu na hujui umenunua kilo ngapi. Nunua kwa kilo.

Pili, hakikisha mahindi ni makavu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi robo chupa na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yaanike tena. Mahindi mabichi ghalani huota ukungu unaoleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Hapa usibane: punje zilizoota ukungu, zenye rangi ya kijani au nyeusi, zitupwe.

Tatu, hifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye matabaka ya plastiki ndani. Ikifungwa vizuri hewa inaisha na wadudu wanakufa bila dawa. Kila tabaka lifungwe peke yake, na usifungue wiki za mwanzo kuchungulia. Ukichungulia umewarudishia wadudu pumzi.

Vitu vingine kwa haraka. Viazi vikae gizani na mbali na vitunguu. Vikiona jua vinageuka kijani, na sehemu ya kijani ni sumu. Parachichi chagua mawili yaliyoiva, mawili yenye siku tatu, mawili magumu kabisa. Nyanya nyingi zilizoiva mara moja, zichemshe zote ziwe rojo, gandisha au tumia ndani ya siku tatu.

Utajua hatua hii imekaa siku utakapopita dukani kwa Mangi wiki nzima ukiwa umenunua mkate na kiberiti tu.

## Hatua ya 4: Jiko na umeme

Maharage na makande loweka usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Muda wa jikoni unapungua sana, na gesi au mkaa vilevile. Pika maharage ya siku tatu mara moja. Sufuria ya presha ya umeme, kwa aliyeweza kuinunua, huivisha maharage kwa chini ya unit moja.

Kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kuna jambo wapangaji wengi hawalijui. Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa unit hadi unit 75 kwa mwezi, na unit zinazozidi hapo ni 350 kila moja. Kundi la T1, la wanaotumia umeme zaidi ya hao, ni 292 kwa unit. Zote ni kabla ya kodi na tozo. Maana yake ni kwamba wapangaji wanne walio kwenye mita moja hawawezi kubaki chini ya 75, kwa hiyo hata yule mwenye taa mbili na simu analipia umeme karibu mara tatu ya anayestahili bei ya D1. Unapotafuta chumba, uliza kwanza: kina mita yake? Chumba cha 60,000 chenye mita yake kinaweza kuwa nafuu kuliko cha 50,000 cha kuchangia.

Kodi ya jengo nayo hukatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Kama inakatwa kwenye pesa yako, mwambie mwenye nyumba wako mapema na kwa upole, mkubaliane ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Weka meseji za manunuzi kama ushahidi.

Juni na Julai Arusha ni baridi na hita ya maji ndiyo mlaji mkubwa. Iwashe dakika chache kabla ya kuoga, izime. Isikae ikiwaka tangu alfajiri.

## Hatua ya 5: Nauli

Hapa ni fupi. Hesabu bodaboda ulizopanda siku 14 zile kwa safari ambazo ungetembea dakika 15. Chagua nusu yake, utembee. Usiku sana, au ukiwa na mzigo au mtoto, panda, usalama haubanwi.

Kama una njia moja ya kila siku, patana na bodaboda mmoja kwa wiki, ulipe Ijumaa. Wengi hukubali kupunguza kwa sababu wanapata uhakika.

## Hatua ya 6: Ziba tundu la simu

Fungua meseji za miamala, chukua karatasi, jumlisha makato yote ya siku 30: ya kutuma, ya kutoa, ya kulipia. Jumlisha kweli, usikadirie. Nilipofanya hivi mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda.

Makato ya kutoa huwa mazito zaidi kwa kiasi kidogo. Anayetoa 5,000 mara sita analipa zaidi ya anayetoa 30,000 mara moja. Kwa hiyo toa mara moja kwa wiki, pesa ya bahasha tu. Dukani uliza lipa namba, na kabla ya kubonyeza namba ya siri soma makato yaliyoandikwa. Vifurushi vya intaneti vya siku saba mfululizo linganisha na cha mwezi, kwa kugawa bei kwa megabaiti, kama ulivyofanya kwa mafuta.

Onyo kubwa la mwongozo mzima liko hapa: mkopo wa simu na kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa mno. Mkopo wa kuongezea salio unaonekana mdogo kwa sababu unakatwa kimyakimya pesa ikiingia, halafu unakopa tena kuziba pengo. Na zile programu za kukopesha mtandaoni, nyingine hazina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuyafungia majukwaa na programu 69 za namna hiyo. Watu wamedhalilishwa, majina ya ndugu zao yakichukuliwa kwenye simu na kutumiwa meseji za aibu. Ukiwa tayari umo ndani, deni hilo linatangulia akiba. Lilipe kwanza, lote, ndipo urudi hatua ya 2.

## Hatua ya 7: Starehe kwa bahasha

Sasa tulipe ile ahadi ya mwanzo. Bahasha ya starehe ni yako. Ukiitumia yote hujakosea. Sharti ni kwamba ikiisha imeisha, na ya wiki ijayo haiguswi.

Ukitoka, toka na pesa taslimu ya bahasha, simu ya malipo iache nyumbani au iwe na salio tupu. Najua ni vigumu. Lakini mtu mwenye pesa ya simu baa saa nne usiku hana bajeti.

Nyama choma. Mtaa wa Kwa Mrombo nyama ni tamu na sitamwambia mtu aache. Ila uagize kwa kilo, uione ikipimwa mbichi mbele yako, uulize ndizi na kachumbari zina bei yake au zimo. Nyama ikiiva hupoteza kama robo ya uzito wake, hivyo usishangae sahani ikija ndogo. Unachopaswa kujua ni kilo iliyopimwa. Watu wanne wakichangia kilo moja na nusu na ndizi za kutosha wanashiba. Na mara moja kwa mwezi jaribuni nyumbani: nunueni buchani, kila mmoja aje na kitu chake, jiko la mkaa nje. Vinywaji vya dukani havina bei ya kiti na muziki.

Mechi. Simba na Yanga kwenye kibanda umiza ni kiingilio kidogo na kelele tamu. Kwenye baa kiingilio hakipo, lakini kiti unakilipia kwa chupa dakika 90 nzima. Linganisha.

Matembezi. Tunaishi mahali ambapo watu huvuka bahari kuja kupaona, nasi tunakaa ndani tukisema hatuna pa kwenda. Ziwa Duluti liko palepale Tengeru, na unaweza kulizunguka kwa miguu ndani ya msitu. Nenda siku ya gulio, umalize mambo mawili kwa nauli moja. Makumbusho ya Azimio la Arusha yako karibu na Mnara wa Mwenge, na Makumbusho ya Elimu Viumbe yako kwenye Boma la Wajerumani. Raia hulipa kwa shilingi na kiingilio ni kidogo. Mtoto wa darasa la tano akiona mahali palipowekwa kumbukumbu za 1967, somo la shule linapata mwili.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha inahitaji mpango zaidi. Raia wana viwango vyao vya shilingi, vya chini kabisa ukilinganisha na vya wageni, kwa hiyo kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA. Getini hawapokei pesa mkononi, ombeni namba ya malipo au muwe na kadi. Gharama inayoumiza ni gari, si kiingilio. Jikusanyeni watu saba mkodi Noah kwa siku, au kumi na zaidi mkodi Hiace, mkubaliane bei na mafuta kabla ya kuondoka. Chakula kitoke nyumbani: chapati, mayai, ndizi, maji ya dumu. Twiga, mbega, nyati na heroe wa maziwa ya Momella hawaulizi umekula wapi. Mkiweka 5,000 kila mwezi kila mtu tangu Januari, Agosti mnakwenda bila kukopa.

Dalili ya hatua hii kukaa sawa ni Jumatatu asubuhi. Unakumbuka wikiendi ilivyokuwa nzuri, na bahasha ya chakula haijaguswa.

## Hatua ya 8: Michango na Desemba

Sendoff, harusi, kipaimara, msiba. Usikimbie michango, mtu asiyechangia huja kukaa peke yake siku yake. Lakini panga. Januari andika majina ya watu ambao lazima uwe nao mwaka huu, gawa katika ngazi tatu: ndugu wa karibu, marafiki na wafanyakazi wenzako, na wengine. Kila ngazi iwe na kiasi chake. Kadi ikija, huanzi kufikiri, unatazama ngazi. Ahadi kubwa ilipe kwa awamu tangu vikao vya mwanzo. Msiba hauna ratiba, kwa hiyo bahasha ya michango isiishe yote hata mwezi usio na kadi.

Kisha kuna kwenda nyumbani. Kwa wenye asili ya Kilimanjaro, Desemba ni Rombo, Marangu, Machame, Kibosho, na mfuko hutoboka ndani ya siku kumi. Fungua kopo la Desemba mwezi wa Juni. Kata tiketi mapema, udai tiketi yenye nauli iliyoandikwa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndio wanaopanga kikomo cha nauli, na aliyepandishiwa anaweza kulalamika akiwa na karatasi mkononi. Zawadi za wazee, sukari, mchele na kanga, nunua Oktoba kabla bei hazijachangamka. Mbuzi wa sikukuu mchangie ndugu wote, na anayeishi kijijini apewe pesa mapema amnunue kabla ya wiki ya Krismasi.

## Ikivunjika katikati ya mwezi

Itatokea. Mtoto ataugua, au utakosea tu. Usisubiri tarehe 1 kuanza upya. Jioni hiyohiyo fungua bahasha zote mezani, hesabu kilichobaki, gawa kwa siku zilizobaki. Siku 11 na 44,000 ni 4,000 kwa siku, iandike ukutani jikoni. Punguza akiba ya mwezi huo kabla ya chakula, na chakula kisiguse kodi. Halafu andika kwenye daftari tarehe, kiasi na sababu, kwa maneno machache bila kujilaumu. Baada ya miezi mitatu fungua kurasa hizo tatu uziweke pamoja. Mimi nilikuta zote tatu zimetokea Ijumaa ya wiki ya tatu, siku nilipokuwa napita mjini nikiwa na njaa kabla ya kupanda gari la kurudi Moshono. Tangu hapo Ijumaa hiyo nabeba ndizi mbili na karanga mkobani.